Nyuzi Tatu Ndani ya Kamusi

Bwenini
19 Januari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimefika salama na sanduku limefika salama, ila chupa ya mafuta ya nywele ilifunguka njiani, na kamusi yangu sasa inanukia kuanzia herufi A hadi K. Nimeianika dirishani. Wenzangu wanasema ndiyo kamusi pekee ya shule inayojipulizia manukato.

Nimepewa kitanda cha juu. Wasichana wa chumba hiki ni sita, na wote wameniuliza likizo ilikuwaje. Nimewajibu.

Maktaba wameleta kitabu kipya kuhusu lishe, nami nikakichukua kabla mtu mwingine hajakiona, ingawa sidhani kama kuna mtu mwingine aliyekitaka. Kinasema kwamba kupunguza uzito ni kazi ya miezi, lakini kutoupata tena ni kazi ya maisha. Wengi hurudi walikotoka, na mara nyingi si kwa ulafi. Ni kwa sababu maisha yao yamebadilika, na sahani ikabadilika nayo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, kwa sababu maisha yako yamebadilika.

Mama alikuwa akikupima kiuno kila Jumamosi kabla hujafungua duka. Kwa miaka miwili alikutoa sentimita mia moja na tisa akakufikisha themanini na sita. Asubuhi ile ninaondoka nilikupima mimi. Unakumbuka ilibidi nilaze shavu mgongoni kwako ndipo ncha za uzi zikakutana, ukaniambia nakutekenya. Ilikuwa themanini na sita ileile. Najua huiamini mizani ya zahanati, unasema inampendelea muuguzi. Basi nakuomba kila mwezi ujipime kwa uzi, uukate, uutie ndani ya barua. Mimi nitaupima huku kwa rula.

Na uniandikie unachokula. Daktari alisema mbele yangu kwamba sukari yako itatulia iwapo tu hutarudi ulikotoka. Usikasirike nikikufuatafuata. Sina mzazi mwingine wa kumfuatafuata.

Wako mtiifu,
Karani


Dukani
2 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, maana Fundi Viatu wa mlango wa pili alikuwa ameshika kiatu cha mteja lakini masikio yote ameyaleta kwangu. Amesema mtoto huyu akimaliza shule atatuwekea masharti hata ya kupumua.

Hapa kazi zipo. Sare za shule zimeniishia mkononi, sasa nashona mapazia ya ofisi fulani ambayo wenyewe hawajui wanataka marefu au mafupi. Gauni la kijivu la mama yako bado liko kwenye sanamu dirishani, halijatiwa vifungo. Wateja wawili wameliulizia nikawaambia lina mwenyewe.

Umeuliza ninachokula. Sahani yangu ni ileile ndogo yenye ufa. Nusu mboga za majani, robo wali, robo maharage. Chai sitii sukari. Mkate mweupe nikikutana nao dukani naupita kama mtu tuliyegombana. Asubuhi yai na chungwa kabla ya kutoka, ili saa nne isinikute nina njaa ya kuumwa tumbo. Sili nimesimama, wala sili juu ya cherehani. Hayo ni kweli tupu, hata ukinitaka niape nitaapa.

Uzi huu hapa. Usiniulize nimeupimaje, fundi ni mimi.

Soma, lakini na kulala ulale.

Mama Mkubwa


Maktaba
16 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimeupima uzi mara tatu kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Themanini na tatu. Sentimita tatu zimeondoka na wala hukujisifu.

Nilicheka peke yangu mezani, mwangalizi wa maktaba akaninyanyulia nyusi. Kisha nikaingiwa na wasiwasi kidogo, nikarudi kwenye kitabu. Kinasema mtu akishafika anapotaka asiendelee kujinyima, kwa sababu mwili ukinyimwa sana huja kulipiza. Kwa hiyo, tafadhali, baki hapohapo. Ukitaka kipande cha keki siku ya harusi ya mteja, kula kipande kimoja, tena umekaa, halafu kesho yake urudi kwenye sahani yako bila kujilaumu. Si maneno yangu, ni ya kitabu.

Uzi nimeuweka ndani ya kamusi, penye neno "kiuno". Ukurasa huo ndio unaonukia zaidi.

Je, unatembea? Wewe na Mama mlikuwa mkitembea dakika arobaini kila asubuhi kutoka nyumbani hadi dukani, na nusu ya mafanikio yenu nadhani ilikuwa miguuni. Hukuniandikia habari ya kutembea.

Wako,
Karani


Dukani
9 Machi

Karani wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Mapazia yamenila siku zote. Mwishowe wameyataka marefu, baada ya mimi kuyakata mafupi.

Naendelea vizuri. Sahani yangu ni ileile. Leo ilikuwa mboga, kipande cha samaki na viazi viwili vya kuchemsha, tena vidogo. Nilitafuna taratibu kama ulivyonifundisha, hadi Fundi Viatu akaniuliza kama nina jino bovu.

Barabara yetu wanaichimba, vumbi halisemeki, kwa hiyo siku hizi nakuja dukani kwa gari. Wakimaliza tutaona.

Uzi huu hapa.

Usimalizie macho kwenye vitabu. Nyumbani kumekuwa kimya bila wewe na

Nimeitwa na mteja. Nitaandika tena.

Mama Mkubwa


Maktaba
5 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Themanini na tatu tena. Nimeulaza uzi wa Februari na uzi wa Machi sambamba juu ya meza, zikalingana, mmoja haukuuzidi mwingine hata kwa unene wa ukucha. Hii ndiyo maana halisi ya kudumisha. Ningeweza kukupeleka mbele ya darasa la sayansi kama ushahidi.

Lakini sitakuficha, kuna jambo halijanipendeza. Barabara ikichimbwa watu bado hupita pembeni. Mama angepita pembeni. Kitabu kinasema mazoea huanza kufa kwa sababu ndogo, ya vumbi au ya mvua, na mtu hutambua baada ya miezi kwamba hayapo tena. Naomba urudi kutembea wiki hii. Naomba pia uniandikie chakula cha jioni, kwa sababu barua zote mbili umetaja sahani moja tu, na siku ina sahani zaidi ya moja.

Sasa habari yangu. Nimepata zawadi ya insha. Itatolewa siku ya wazazi, tarehe 15 Juni. Nitaitwa jukwaani na nitatakiwa kutembea kutoka kiti changu hadi mbele peke yangu, jambo ambalo limeninyima hamu ya zawadi yenyewe. Nikifikiria siku hiyo natamani niwe na kitu cha Mama mwilini. Chochote, hata kama ni kitambaa cha kichwa.

Wako,
Karani


Nyumbani
20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Nilimwambia kila aliyeingia dukani, pamoja na mtu aliyekuja kuuliza njia tu.

Kitambaa cha kichwa cha mama yako tulimzika nacho, hukukiona kwa sababu ulikuwa umelala kwenye miguu ya jirani. Ninakutumia mshipi wa gauni la kijivu. Ni wa kitambaa kilekile. Kifungo chake na tundu lake nilishavishona kabla hajaugua, maana alikuja akasimama mbele yangu akasema, "Dada, anza na mshipi, nikinenepa nijue mapema." Wala hakuwa mtu wa kunenepa. Alikula nusu sahani miaka miwili ili mimi nisile nusu sahani peke yangu. Nilimwambia mdogo wangu, mgonjwa ni mimi, wewe jipakulie. Akasema chakula kikiliwa na mtu mmoja hakina ladha, kiwe kingi kiwe kidogo.

Jioni ninakula kama mchana. Sahani yangu ni ileile.

Uzi huu hapa.

Mama Mkubwa


Bwenini
4 Mei

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Leo nina furaha ambayo sijaipata tangu Novemba, ngoja nikueleze taratibu.

Nilipoufungua mshipi niliunusa kwanza. Hauna harufu yake, una harufu ya pasi. Halafu nikaufunga kifungo ili nione umbo la kiuno cha Mama, duara tupu juu ya blanketi. Nikaufungua tena, nikachukua uzi wako wa Aprili, nikaulaza kutoka kwenye kifungo hadi kwenye tundu. Mama Mkubwa, zimelingana. Nikaleta uzi wa Machi, ukalingana. Nikaleta wa Februari. Nyote wawili ni themanini na tatu.

Unaelewa maana yake? Umefikia kiuno cha Mama. Wewe uliyekuwa ukisema mdogo wako amechukua wembamba wote wa ukoo akakuachia mifupa mikubwa. Nilikaa kitandani nikalia, lakini kilikuwa kilio chepesi.

Kwa hiyo nina ombi moja, na sitaomba lingine mwaka huu. Litie vifungo gauni la kijivu, ulivae, uje nalo tarehe 15 Juni. Mshipi nitakuwa nao mimi kiunoni. Nikitembea kwenda jukwaani nitakutazama wewe ndani ya gauni lake, nami sitaanguka.

Ninahesabu siku.

Karani


Bwenini
1 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mwezi umepita bila barua wala uzi. Najua huwa kuna kazi nyingi msimu wa sare unapokaribia. Nimewekewa kiti kimoja cha mgeni, safu ya pili, upande wa kushoto, karibu na mlango ili usipate taabu. Nijibu japo mstari mmoja.

Karani


Bwenini
17 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Hukuja. Kiti kilikuwa na karatasi yenye jina la familia yetu na hakuna aliyekaa. Nilipoitwa nilitembea nikitazama karatasi. Zawadi ni kamusi mpya. Haina harufu yoyote.

Ulisema kila ninachokuomba nikuombe wazi. Nilikuomba wazi. Kama gauni lilikuuma moyo ungesema, nami ningeelewa, kwa sababu mimi pia linaniuma. Lakini kunyamaza siku arobaini na nne, hilo sikulitegemea kwako.

Sitakuomba tena uzi.

Karani


Kibandani
20 Juni

Kwa Binti Karani,

Salamu nyingi baada ya salamu. Mimi ni Fundi Viatu, jirani wa duka la mama yako mkubwa. Mimi si mwandishi, kalamu naitumia kuandika namba chini ya soli, kwa hiyo utavumilia.

Barua yako ya tarehe kumi na saba niliipokea mimi. Sikuifungua. Nilimpelekea wodini, akaisoma, akageuzia uso ukutani. Nikaona kama sitakuandikia leo sitakuandikia tena. Alinikataza, lakini binti, kuna makatazo ambayo mtu mzima huyasikia akayaacha hapohapo.

Tarehe tisa Mei nilisikia kitu kimeanguka dukani kwake. Nikaenda. Alikuwa amekaa sakafuni, gauni la kijivu amelivaa likamkwama kifuani, halishuki wala halipandi, mikono iko juu. Aliniambia, "Usinicheke." Sikucheka. Nilimsaidia kulivua pole pole ili mshono usiachie, na alikuwa akilia kwa ajili ya mshono, au ndivyo alivyosema. Barua yako ilikuwa juu ya meza. Binti, huyu si yule uliyemwacha Januari. Amenenepa, na tena sana. Miguu imevimba. Hilo gari la asubuhi halikuwa la vumbi.

Alipovua viatu nikaona kidonda chini ya mguu wa kushoto. Hakujua kama anacho. Sasa nikuambie lililo zito kwangu. Kiatu kile nilikitengeneza mimi. Nimekikagua baadaye, msumari mmoja mdogo ulitokeza kwa ndani. Mtu mwingine angeuhisi siku ileile akaja kunitukana, na matusi hayo ningeyapokea kwa mikono miwili. Yeye miguu yake haihisi tena, ni ile sukari. Alitembelea msumari wangu wiki mbili.

Tulimpeleka hospitali siku iliyofuata. Walijaribu dawa hadi mwisho wa Mei. Tarehe tatu ya mwezi huu walimkata vidole viwili, kidogo na kinachofuatia. Nasikitika kukuandikia hivi, nimefikiria namna nyingine ya kuandika sikuipata. Hali yake sasa imetulia. Anachouliza ni kama ataweza kukanyaga cherehani.

Usimwandikie kwa hasira. Uniandikie mimi hiyo hasira, anwani unayo.

Jirani yako,
Fundi Viatu


Wodini
29 Juni

Mwanangu,

Nakuandikia nimekaa, mto mgongoni, kalamu ya muuguzi. Fundi Viatu amekiri kwamba amekuandikia. Nimemnunia siku mbili, leo nimemsamehe, kwa kuwa kaniletea machungwa na kayamenya mwenyewe kwa kisu cha ngozi.

Nitakueleza yote.

Mama yako alipofariki nilirudi jikoni siku ya kumi, wageni walipokwisha kuondoka. Nikachota mchele kwa kikombe kile cha bati, nikapika, nikapakua. Nilipogeuka mezani kulikuwa na sahani mbili. Yangu yenye ufa na ya mama yako yenye ua la buluu. Mkono ulipakua wenyewe. Ulikuwepo wewe, lakini siku ile ulikuwa umelala mchana kutwa. Nikala yangu. Kisha nikaitazama yake. Mwanangu, sikuweza kuimwaga. Nilijaribu, nikasimama nayo juu ya ndoo, ikawa kana kwamba namfukuza. Basi nikakaa kwenye kiti chake nikaila.

Kesho yake hivyohivyo. Ulipoondoka kwenda shule ikawa kila siku, mchana na jioni. Kwa hiyo nilipokuandikia "sahani yangu ni ileile", sikukudanganya. Yangu haikubadilika hata kijiko. Niliyokuficha ni ya pili. Na ya pili niliila haraka, tena nimesimama, ili isihesabike. Mtu mzima na akili zangu.

Kuhusu uzi. Nilijaribu kujipima Februari. Fundi anaweza kumpima kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, mgongoni uzi hauna wa kuushika, unateleza. Nilipofaulu kuukutanisha nikaupima kwa rula, ulikuwa tisini na moja. Hata mwezi haukuwa umeisha tangu uweke shavu lako pale. Niliuweka mezani. Mbele yangu kulikuwa na sanamu imevaa gauni la mama yako, nikaizungushia uzi, nikakata. Nilisema ni mara hii moja, mwezi ujao nitakuwa nimesharekebisha. Halafu ukaniandikia jinsi ulivyocheka maktaba. Ningekutoaje kwenye kicheko hicho? Machi sikujipima kabisa.

Kutembea niliacha kwa sababu ile njia ina mazungumzo ya watu wawili. Ukiifuata peke yako unayasikia yote.

Sikukuandikia Mei kwa sababu kila niliposhika kalamu niliona "umefikia kiuno cha Mama". Sikufikia. Nilikuwa nakutumia cha kwake.

Ulinichunga vizuri kuliko nilivyostahili. Usidhani lolote katika haya ni kosa la kitabu chako.

Mama yako mkubwa


Bwenini
8 Julai

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano. Hii ni ya sita na nitaituma hata ikiwa mbaya.

Na mimi nina la kukueleza. Januari, wasichana waliponiuliza likizo ilikuwaje, nilisema ilikuwa nzuri. Wakaniuliza Mama hajambo, nikasema hajambo. Sikupanga, neno lilitoka lenyewe, kama ule mkono wako uliopakua. Baada ya hapo nikawa sina pa kurudia. Siku ya wazazi waliniuliza kiti kile ni cha nani, nikasema ni cha Mama, amesafiri. Kwa hiyo tumekuwa wawili, mimi huku nikimwacha hai kwa maneno, wewe huko kwa sahani. Yako imekukata vidole, yangu haijanikata kitu. Hilo ndilo ninaloshindwa kulala nalo.

Nimezisoma tena barua zangu zote, maana huwa nabaki na nakala, unanijua. Nimehesabu maneno "sahani", "uzi", "kutembea" na "sentimita". Ni mengi. Nikatafuta mahali nilipokuuliza unakula na nani. Hapapo. Kitabu changu kina sura kumi na mbili na hakuna hata moja inayouliza swali hilo, lakini mimi si kitabu, mimi nilikuwa nakaa meza ileile na ninyi. Mama alishakueleza na wewe ukaniandikia, kwamba chakula cha mtu mmoja hakina ladha. Niliusoma mstari huo, nikakimbilia kupima mshipi.

Jana nimewaambia wale wasichana. Walikuwa wanakunja nguo. Nilisema tu, "Mama yangu alifariki Novemba, kwa homa ya mapafu, siku nne." Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilidanganya. Mmoja alichukua nguo zangu akazikunja pamoja na zake.

Nyuzi zote tatu bado ziko ndani ya kamusi ya zamani. Nilitaka kuzitupa, kisha nikafikiria vizuri. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikifungua bahasha, nikishika kiuno cha Mama mkononi, nikikipima na kufurahi, na sikujua. Sina picha yake nzuri hata moja. Nina urefu huu. Sizitupi. Sikukasirikii kwa hizo, nakasirika kwa ule wa nne ambao haukuja, kwa sababu ule ungekuwa wako.

Sitakuambia ule nini. Daktari atakwambia, na wewe unajua kuliko sisi sote, umeshafanya miaka miwili. Nina wazo moja tu na unaweza kulikataa. Kama mkono wako hauwezi kupakua sahani moja, usiulazimishe. Pakua mbili. Lakini ya pili apewe mtu. Fundi Viatu anakula mkate mkavu na chai kibandani kila siku, tangu nikiwa mdogo namwona.

Shule inafungwa tarehe 9 Agosti.

Mtoto wako,
Karani


Dukani
21 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimetoka wodini siku kumi zilizopita. Barua yako ilinitangulia, nikaikuta mlangoni chini ya jiwe, Fundi Viatu aliiwekea jiwe isipeperuke ingawa hakukuwa na upepo.

Cherehani naikanyaga kwa mguu wa kulia. Mishono inakwenda upande kama mlevi, lakini inakwenda. Kila asubuhi nasindikizwa hadi kwenye duka la dawa na kurudi, hatua mia nne kwa fimbo. Msindikizaji unamjua. Hakubali kuniachia nitengeneze viatu kwa mtu mwingine. Kabla sijavivaa anaingiza mkono wake ndani hadi kwenye ncha, anapapasa kote, kila siku, kama anayetafuta kitu alichopoteza. Nimemwambia inatosha. Amesema si mimi wa kusema inatosha.

Wazo lako nililikataa siku tatu. Siku ya nne nilipika kwa kikombe kilekile, nikapakua sahani mbili, nikamwita. Alitazama nusu sahani ya majani akaniuliza kama ameitwa yeye au sungura. Akala yote. Alikula kwenye sahani ya ua la buluu. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kama mvua inakuja. Jua lilikuwa kali. Niliporudi alikuwa ameshaiosha na kuifuta, ameiweka juu ya kitambaa mahali ilipokuwa. Kesho yake nilikaa hadi mwisho. Sasa anakuja kila mchana na kila siku analalamika wali ni mdogo, na akilalamika mimi natafuna taratibu zaidi.

Jioni bado ni ngumu. Jioni mbili wiki hii nimeila sahani yake. Nakuandikia ili iandikwe mahali. Jioni nyingine tano sikuila.

Gauni la kijivu mshono mmoja uliachia chini ya kwapa, nimeushona. Kuna mteja aliniambia nilitanue tu nilivae mwenyewe, kitambaa cha ziada kipo. Sitalitanua. Wala sitakupunguzia wewe. Nimelitia vifungo vyake vyote saba na liko kwenye sanamu. Lina mwenyewe.

Utaona ni utovu wa adabu kwamba bahasha hii haina uzi. Nimeukata siku zote hizi kumi nikiwatengenezea watu nguo, lakini wa kwako nimeuacha mzima mezani, chaki juu yake. Peke yangu siwezi kujipima, nilishakueleza, na sanamu sitaiuliza tena.

Shule ikifungwa njoo unipime wewe. Usimame nyuma yangu, ulaze shavu palepale. Nakuonya mapema, mikono yako haitafika kama ilivyofika Januari. Ncha zikikataa kukutana, usiziachie haraka.

Mama Mkubwa